Pampu ya kijiji imekufa, watu hawataki kuchanga tena. Nianzie wapi?

Mjukuu wa Iramba:
Shikamooni wakubwa. Najitolea kijijini kwetu, wilaya ya Iramba, Singida. Tuna pampu ya mkono aina ya Afridev, ililetwa na wafadhili. Tangu masika yaishe haitoi maji. Kina mama wamerudi korongoni kufukua mchanga, wanachota kwa kata, na ng'ombe wanakunywa palepale. Fundi wa mjini alisema mabomba yote yang'olewe, akataja bei ambayo kijiji hakina. Tulipoitisha mchango, mzee mmoja akasimama: "Tulilipa hamsini kila ndoo. Ziko wapi?" Hakuna aliyemjibu, kamati iliyopita haikuacha hata daftari. Inaniuma sana. Nianze na elimu ya maji safi, au niandikie mfadhili mwingine?

Fundi Pampu, Dodoma:
Mdogo wangu, kwanza jueni ugonjwa. Mpini ni mwepesi na maji hayaji? Angalieni fimbo zinazounganisha mpini na pistoni kule chini kama zimeachana, au mpira wa pistoni umelika. Maji yanakuja, ila mkipumzika kidogo inabidi kupiga upya mpaka yapande? Vali ya chini inavuja. Kote huko hakuna kung'oa mabomba. Afridev imetengenezwa ili pistoni na vali vivutwe juu kupitia ndani ya bomba lenyewe. Bomba likipasuka ndipo kazi inakuwa kubwa. Ulizeni pia kina cha kisima, maana pampu hii mwisho wake ni kama mita 45.

Bibi Maendeleo:
Marahaba mjukuu wangu. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii vijijini hadi kustaafu. Hiyo barua ya mfadhili iache kwanza, na semina pia. Mama anayefukua korongo anayajua maji machafu kuliko mwezeshaji yeyote. Yule mzee amekuambia kila kitu: watu hawajachoka kulipa, wamechoka kulipa wasipoona.

Mwombe mwenyekiti na mtendaji waitishe Mkutano Mkuu wa Kijiji. Huo ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na mapato na matumizi yanapaswa kusomwa humo kila baada ya miezi 3. Swali la mzee liwe ajenda ya kwanza. Waliokuwa kamati waeleze, hata kama ni aibu. Kabla ya hapo usiombe hata mia. Kisha mchague mweka hazina miongoni mwa kina mama wanaochota pale, na daftari lisomwe pale pale kisimani, si ofisini. Mchango upangeni baada ya kuuza alizeti. Ukidai mwezi wa pili unamdai mtu anayekopa debe la uwele.

Fika pia RUWASA wilayani, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Tangu sheria ya maji ya 2019, wao ndio wenye dhamana ya maji vijijini, na visima huendeshwa na chombo cha watumia maji kilichosajiliwa. Uliza kisima chenu kiko chini ya chombo gani. Huenda chombo hicho kina fundi wake.

Binti wa Kwale:
Huku kwetu Kwale, pwani ya Kenya, ndiko Afridev ilikojaribiwa miaka ya 1980, na kina mama walifundishwa kuifungua wenyewe. Mamangu alikuwa mmoja wao, namkumbuka akivuta zile fimbo, leso kaifunga kiunoni. Fundi akija, msimwache afanye kazi peke yake. Wawekeni kina mama wawili washike spana.

Mjukuu wa Iramba:
Asanteni mno. Fundi, mpini ni mwepesi kabisa. Bibi, mwenyekiti amekubali mkutano. Aliyekuwa mweka hazina yuko tayari kuja, ila anataka kwanza ayamalize nyumbani na wazee wawili. Tumruhusu?

Bibi Maendeleo:
Wazee waje naye, wakae karibu yake, asizomewe. Lakini hesabu aisome mkutanoni, mbele ya wote waliolipa. Na msipange siku ya mnada, wanaume wote watakuwa huko na ng'ombe wao.