Nilimpa mtu nisiyemjua shilingi 120,000 pale Mnazi Mmoja, na sasa moyo hautulii

Kivuli cha Mkorosho (Tandahimba)

Ndugu zangu, naomba mnisikilize kwa subira, kisha mnishauri bila kunionea haya. Mimi ni mkulima wa korosho, nina mke na watoto watatu. Jumamosi iliyopita nilikwenda Lindi mjini kuchukua shilingi 300,000 tulizokuwa tunadai, fedha ambazo mimi na mke wangu tulikuwa tumekwisha kuzipangia kazi: kukodi mashine ya kupulizia, kununua petroli na kumlipa kijana wa kupulizia, kwa sababu mikorosho imeanza kutoa maua na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua ya mikorosho, haumsubiri mtu.

Wakati wa kurudi, gari lilisimama Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapoachana na hii yetu ya Mtwara, nami nikateremka kununua maji. Kando ya kibanda alikuwa ameketi mwanamke wa miaka kama 25 na mtoto wa kiume wa miaka sita hivi, mguu umeviringishwa kanga, umevimba kuanzia gotini kwenda chini. Mwanamke huyo hakuwa akiomba, na nadhani hilo ndilo lililonivuta. Mimi ndiye niliyemsemesha. Alinieleza kwamba ametoka Kilwa, anampeleka mtoto hospitali ya misheni ya Nyangao, na kwamba pochi yake iliibwa alipokuwa amesinzia ndani ya basi. Kondakta alikuwa ameanza kugonga bodi la gari. Nilitoa noti tano za shilingi 10,000, nikamwekea mkononi, nikachukua namba yake ya simu ili nipate kumjulia hali mtoto, nikapanda.

Tulikuwa hatujafika Mikindani nilipoanza kujiuliza kama shilingi 50,000 zingetosha kumtibu mtoto na kumlisha mama yake kwa siku ambazo wangekaa huko. Sehemu ya fedha zangu ilikuwa kwenye simu, basi nikamtumia nyingine 70,000. Kabla sijaweka namba ya siri lilijitokeza jina la mwenye laini, nalo lilikuwa jina la mwanamume. Niliona vizuri, na bado nikathibitisha.

Tangu usiku ule sipati usingizi wa maana. Je, nimetapeliwa? Je, nimpigie simu? Na hili ndilo linalonisumbua zaidi: je, nilimhurumia yule mtoto, au nilipenda tu kujiona mtu mwenye huruma?

Nahodha wa Shangani

Kaka, pole, lakini umetapeliwa. Mtu anayetoka Kilwa akiwa na mtoto mgonjwa anafika kwanza Lindi mjini, ambako kuna Hospitali ya Mkoa ya Sokoine. Kwa nini aipite akakae kwenye kibanda cha njia panda? Ongeza na hilo jina la mwanamume, hesabu inakamilika. Iripoti namba hiyo kupitia 15040, ambayo imewekwa kwa ajili ya namba za matapeli, kisha usahau.

Muuguzi Mstaafu

Ndugu Nahodha, nakuomba upunguze kasi. Nimefanya kazi ya uuguzi huku Kusini kwa miaka mingi, na watu wanaopita hospitali moja au mbili njiani ili wafike Nyangao au Ndanda si wachache. Wengine wameelekezwa na jirani aliyepona huko, wengine wana ndugu wa kuwapikia. Tena mtoto wa miaka sita amekwisha kuvuka umri wa msamaha wa matibabu, ambao katika vituo vya umma ni kwa walio chini ya miaka mitano, kwa hiyo hofu ya mama huyo kuhusu fedha ina msingi popote ambapo angekwenda.

Kuhusu jina, kumbukeni mwezi Januari 2020, laini zilipoanza kufungwa kwa wale ambao hawakuwa wamesajili kwa alama za vidole. Mtu asiye na kitambulisho cha taifa cha NIDA alisajiliwa laini na mume, kaka au jirani, na wako wanaozitumia mpaka leo. Sisemi kwamba mwanamke huyu alisema kweli. Nasema kwamba ushahidi mlio nao hautoshi kumhukumu, na kuripoti namba kwa kubahatisha kunaweza kumfungia simu mama aliye wodini na mtoto.

Msafiri wa Kilwa Kivinje

Tenda wema uende zako, ndugu. Ukimpigia leo kumuuliza amezitumiaje, sadaka inageuka masimango.

Mama Chikongola

Msemo huo ni mwepesi mdomoni mwa mtu ambaye hana shamba linalosubiri kupuliziwa. Hata Kurani, katika Sura ya Al-Israa aya ya 29, imekataza mkono kufungwa shingoni, na papo hapo ikakataza kuukunjua wote.

Lakini mimi nina swali jingine. Mwanangu Kivuli, umemtaja mkeo mwanzoni, tena umesema fedha ni zenu wawili, kisha ametoweka kabisa katika habari yako. Yeye anasemaje? Na huyo mdaiwa wa Lindi ni nani?

Kivuli cha Mkorosho

Mama, shikamoo. Nilitarajia swali hili lisiulizwe. Mdaiwa ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, naye alilipa zote 300,000 bila maneno na akanipa chakula cha mchana. Nilipofika nyumbani mke wangu aliuliza kiasi nilichopewa, nami nikajibu kwamba shemeji ametoa 180,000 na ameahidi kumalizia baada ya mnada wa kwanza wa korosho. Sikupanga kusema hivyo. Maneno yalitoka yenyewe, kama fedha zilivyotoka pale njia panda. Mke wangu alichukia, akasema kaka yake hana aibu.

Mjukuu wa Nachingwea

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Ndugu yangu, umetuletea habari ya mwanamke wa Kilwa ili tuipime huruma yako, kumbe mtu aliyepunjwa ni mwingine. Wewe ni mtu wa Kusini kama mimi, na unajua kwamba kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao ukoo umefuata upande wa mama tangu zamani, na mjomba ana kauli juu ya watoto wa dada yake hata pale ambapo baba yupo hai na ana nguvu. Huyo uliyemfanya mdaiwa sugu ndiye atakayeitwa binti yako atakapoposwa, na ndiye atakayetafutwa mtoto akipatwa na jambo. Umemharibia jina mbele ya dada yake ili kulificha tendo ambalo wewe mwenyewe unalihesabu kuwa jema. Kama lilikuwa jema, lilihitaji kufichwa kwa nini?

Hizo 120,000, ziwe zimeliwa na tapeli au zimemtibu mtoto, zimekwenda. Usimpigie yule mwanamke kwa sasa, maana ninavyokuelewa unatafuta shukrani zitakazokusaidia kuukabili uso wa mkeo. Mpigie shemeji yako, kisha ukae na mkeo. Kuhusu shamba, 180,000 zinaweza kukuanzishia mzunguko wa kwanza. Changia mashine na jirani, kijana wa kupulizia mwache, ubebe mwenyewe.

Mama Chikongola

Marahaba, mwanangu. Ufanye hivyo leo, kabla mkeo hajampigia kaka yake.

Kivuli cha Mkorosho

Nimerudi baada ya siku mbili, na nawashukuru. Mama Chikongola, onyo lako lilikuwa limechelewa. Nilipompigia shemeji alinyamaza kidogo, kisha akacheka kicheko ambacho hakikunifurahisha, akaniambia kwamba dada yake alimpigia tangu Jumapili na kumtolea maneno makali, naye akanyamaza kwa kudhani kwamba fedha nimezipoteza kwenye kamari na kwamba ningekuja kusema mwenyewe. Alinipa hadi jioni.

Mke wangu sikumficha chochote, hata lile jina la mwanamume. Hakupiga kelele. Alitoka uani akampigia kaka yake kumwomba radhi, na mazungumzo yao yalikuwa marefu kuliko yale aliyofanya nami usiku huo. Tumepata mashine ya jirani kwa zamu, na leo alfajiri nimepulizia mistari minne kabla upepo haujaanza. Mgongo unaniuma ninapoandika haya.

Jana, tukiwa tunakula, aliniuliza mtoto yule anaitwa nani. Sikuwa na jibu, kwa sababu nilichukua namba na sikuuliza jina. Alininyooshea mkono nimpe simu, akainakili namba ile kwenye simu yake, na mpaka sasa hajaniambia kama amepiga.