Naombeni ushauri: Honda CG125 ya zamani inamisi ikishapata joto

Mchuuzi wa Kibirizi
Shikamooni wakubwa, wengine habari za saa hizi. Nipo Kigoma. Natumia CG125 ya zamani, ile ya CDI (kifaa cha elektroniki kinachoamuru cheche ya plagi) siyo ya platini, kupeleka dagaa kutoka Kibirizi hadi Manyovu. Asubuhi inawaka vizuri na sailensa (mngurumo wa injini bila kuvuta resi) imetulia. Nikishapita Mwandiga nikaanza kupanda na mzigo, inaanza kumisi. Inakatakata, inapiga risasi kwenye eksozi, mwisho inazima kabisa. Ikipumzika kivulini inawaka tena kama haikuwa na tatizo. Plagi mpya, kabureta imeshasafishwa na mafundi tofauti, na sasa naambiwa nifanye ovahoo, yaani kufumua injini nzima. Hela ya ovahoo ndiyo mtaji wenyewe wa dagaa. Nianzie wapi kabla sijaitoa?

Boda Ujiji
Mkuu hayo ni mafuta. Kama unanunua petroli ya vidumu njiani, ina maji. Legeza skrubu ya chini ya kikombe cha kabureta, kinga kwenye chupa nyeupe uone. Maji yanakaa chini, petroli juu.

Fundi Mwanga
Kuangalia maji ni sawa, ila maji yangemsumbua asubuhi kwanza, maana yanatuama usiku kucha. Hii yake inasubiri joto.

Kaka, usitoe hela ya ovahoo. Pikipiki ikifika gereji imeshapoa, fundi anaikuta nzima, anabahatisha. Pima palepale mlimani inapozima. Unatafuta jambo moja tu: kilichokatika ni moto au ni mafuta?

Ikianza kumisi, fungua kifuniko cha tangi. Kitundu chake cha hewa kikiziba, petroli inashuka kwa shida, na ukisubiri hewa inapenya taratibu, inawaka tena. Ndiyo maana dalili zinafanana na zako. Ikichangamka baada ya kufungua, zibua kitundu, kazi imekwisha.

Isipobadilika, ikishazima usiiguse resi. Toa plagi hapohapo. Ikiwa kavu, fuata njia ya mafuta: bomba, chujio, floti. Ikiwa imelowa petroli, moto ndio uliokosekana. Ipanguse, irudishe kwenye kofia yake, ilaze chuma kwa chuma kwenye kichwa cha injini, mbali na tundu ilimotoka kwa sababu mvuke wa petroli unashika moto. Mtu akupigie kiki. Cheche nzuri ni ya buluu na inalia. Ya njano na legelege, au isiyoonekana, hiyo ni mbovu. Hakikisha plagi imegusa chuma vizuri, cheche ikikosa pa kwenda inaweza kuua CDI.

Dereva Mstaafu
Vijana msisahau vavu. Nafasi ya vavu ya eksozi (tapeti) ikiwa ndogo mno, mti wa vavu unarefuka kwa joto na vavu haifungi sawasawa. Kompresheni inapotea mpaka injini ipoe. Kwa CG nafasi ni milimita 0.08 zote mbili, injini ikiwa baridi, alama ya T ya kwenye magneti ikiwa imelingana na alama ya injini, na pistoni ikiwa juu kwenye kompresheni. Fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi, haina gharama kubwa.

Fundi Mwanga
Kweli mzee wangu, hilo lipimwe asubuhi kabla hajaondoka. Kiki ikiwa nyepesi isivyo kawaida injini ikiwa ya moto, jibu liko hapo.

Mchuuzi wa Kibirizi
Nimerudi. Tapeti ziko sawa, kiki nzito kama kawaida hata ikiwa ya moto. Kufungua tangi hakukubadilisha kitu. Plagi ilitoka imelowa, na cheche hakuna kabisa. Nimeazima kofia ya plagi na koili ya juu (inayopeleka moto kwenye plagi) kwa jamaa mwenye CG kama hii, bado inazima palepale.

Fundi Mwanga
Hapo umeshavuka kazi ngumu. Sasa azima mita. Chomoa soketi ya waya zinazotoka kwenye magneti, upime waya mweusi wenye mstari mwekundu dhidi ya bodi. Hiyo ndiyo koili inayolisha CDI. Pima ikiwa baridi, halafu pima tena mara tu ikizima. Waya wake ni mwembamba kama unywele. Ukikatika ndani, ncha zinagusana kwenye baridi na kuachana kwenye joto.

Mchuuzi wa Kibirizi
Baridi imesoma om mia mbili na ushei. Mlimani, ikiwa ya moto, mshale haukusogea hata kidogo!

Fundi Mwanga
Ndiyo hiyo. Mpya ya CG za zamani inasumbua kupatikana, mpelekee fundi anayesuka mota. Ahesabu mizunguko anapoifumua, atumie waya wa unene uleule na vanishi inayohimili joto, maana inaishi jirani na injini. Sumaku ya magneti itolewe kwa pula, kifaa cha kuivuta. Ukiona mtu anashika nyundo, ondoka na pikipiki yako.

Dereva Mstaafu
Na uijaribu na mzigo, mwanangu. Kuzungushwa mjini hakuthibitishi kitu.

Mchuuzi wa Kibirizi
Imesukwa, na leo nimefika Manyovu na mzigo kamili bila kuzima. Mungu awabariki, mtaji umebaki. Ila sailensa imekuwa juu kidogo.

Fundi Mwanga
Mafundi walikuwa wanaipandisha ili isizime. Ishushe kwa skrubu ya sailensa injini ikiwa imeshapata joto, siyo asubuhi.