Naombeni ushauri: niwe kama Gerson Fraga, kila msimu nchi nyingine, au nitulie nilipo?

Sita_Asilia:
Wakuu, heshima zenu. Ni kiungo mkabaji, miaka 23, nacheza timu ya katikati ya msimamo Ligi Kuu Bara. Jina la timu naomba nilihifadhi, maana viongozi wetu nao wamo humu humu wanasoma.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa msimu huu. Timu inataka nisaini miaka miwili mingine, mshahara unapanda kidogo. Tatizo, pesa ya usajili ya mkataba huu unaoisha wamenilipa nusu, nusu nyingine ni ahadi tu. Upande wa pili kuna wakala ameniletea ofa ya klabu ya daraja la pili Oman: miezi kumi, mshahara karibu mara tatu ya huu, na nyumba juu yao.

Mjomba aliyenilea hataki kusikia. Anasema mtembezi hula miguu yake, nikianza kuzurura nitarudi nina miaka 30 sina timu wala kiwanja. Wakala yeye kila tukiongea ananitajia Gerson Fraga, yule Mbrazili aliyekuwa Simba: "Unaona Fraga? Brazili, India, Japani, India tena, Tanzania. Mpira ni kutembea."

Fraga nilikuwa namwangalia sana, ndiye aliyenifundisha kusimama mbele ya mabeki bila papara. Ila sijui kama maisha yale ni ya kuiga au ni ya mtu aliyekosa pa kukaa. Wanaoyajua haya mambo naomba mnifungue macho.

Msimbazi_Mkongwe:
Dogo, wakala wako kakupa nusu ya hadithi.

Fraga ni mtoto wa Porto Alegre, kakulia Grêmio. Mwaka 2009 alikuwa nahodha wa Brazili chini ya miaka 17 kwenye Kombe la Dunia lililochezwa Nigeria. Ndani ya kikosi kile walikuwemo Neymar, Philippe Coutinho, Casemiro na golikipa Alisson. Rudia kuyasoma majina hayo, kisha kumbuka kitambaa cha unahodha kilikuwa mkononi mwa nani. Walitolewa hatua ya makundi. Walimfunga Japani, wakafungwa na Mexico na Uswisi, na hao Uswisi ndio wakabeba kombe. Wenzake wakaenda Real Madrid, Barcelona, Liverpool. Yeye timu ya kwanza ya Grêmio hakupata namba ya kudumu.

Watu wakisikia hivyo wanasema kafeli. Brazili ina wachezaji wa kulipwa zaidi ya elfu 20. CBF yenyewe, shirikisho la soka la kule, iliwahi kutoa hesabu, kama mwaka 2016 hivi, kwamba zaidi ya asilimia 80 ya walioandikishwa hawazidi reali 1,000 kwa mwezi. Timu ndogo kule zinacheza ligi ya jimbo, miezi michache ya mwanzo wa mwaka, na kama haina nafasi kwenye Série D, daraja la nne la taifa, ndiyo basi, mchezaji anarudi nyumbani kusubiri mwakani. Kwa hiyo Mbrazili anayehamahama mara nyingi hana tamaa wala utovu wa nidhamu. Kazi yenyewe inakatika katikati ya mwaka.

Sasa angalia alikoenda. Mumbai City mwaka 2016, timu moja na Diego Forlán, nyota wa Uruguay, wakamaliza vinara wa msimamo kabla ya kutolewa nusu fainali. Ligi hiyo, Indian Super League, enzi hizo ilichezwa Oktoba hadi Desemba tu! Mkataba mrefu ungetoka wapi? Akarudi msimu uliofuata, akapita Renofa Yamaguchi, daraja la pili Japani, akarudi India na ATK ya Kolkata, halafu 2019 akatua Msimbazi, kwetu Simba.

Kingine: India alikuwa anapangwa beki wa kati, kwetu akacheza namba sita, kiungo mkabaji kama wewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa inamlisha. Kocha mwenye nafasi chache za wageni humchukua mtu wa kuziba mahali pawili. Wewe ukiacha sita unacheza wapi?

Jangwani_Damu:
Mkongwe umemaliza, ila acha kumpamba Fraga kana kwamba alibeba ndoo ya Afrika. Mwaka ule ule 2019 UD Songo ya Msumbiji waliwatoa Simba mapema hapo hapo Dar, moja moja, goli la ugenini. 😂

Wabrazili wa kwetu tunawajua. 2014 kocha Maximo alitushushia Yanga Jaja na Andrey Coutinho. Jaja akapiga mbili kwenye Ngao ya Jamii dhidi ya Azam, mji mzima ukaimba, msimu haujafika mbali hayupo. Coutinho angalau alikaa, mguu wake wa kushoto tuliufaidi. Na wenzake Fraga waliokuja naye, Wilker na Tairone? Nani anawakumbuka?

Kwa hiyo dogo, ukiambiwa "kama Fraga" uliza pia habari za Jaja.

Msimbazi_Mkongwe:
Jangwani_Damu, tarehe 12 Julai 2020, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, Simba nne, Yanga moja. Goli la kwanza nani alifunga? Fraga huyo huyo. Umesahau au ulizima redio mapema?

Jangwani_Damu:
Tuendelee na mada ya kijana tafadhali.

Kanuni_Mkononi:
Nafanya kazi za mikataba ya wachezaji, nitakwenda kwenye mambo yako moja kwa moja.

Mazungumzo na klabu nyingine unaruhusiwa, kwa sababu mkataba wako umebakiza chini ya miezi sita. Asikutishe mtu. Hiyo nusu ya pesa ya usajili ni deni, na deni halifutiki kwa kusaini mkataba mpya wala kwa kuondoka, labda wewe mwenyewe usaini karatasi ya kulisamehe. Nimeona vijana wanapewa mkataba mpya wenye kipengele kwamba "pande zote hazidaiani", wanasaini bila kusoma. Wakigoma kulipa, peleka TFF, Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji, ukiwa na nakala ya mkataba na taarifa za benki.

Kwa Oman, ukienda unakuwa mchezaji wa kigeni na kanuni za FIFA zinakulinda. Wakichelewesha mishahara miwili, unawaandikia notisi ya siku 15. Zikiisha hawajalipa, una sababu halali ya kuvunja mkataba na kudai kilichobaki. Mchezaji halipii ada kupeleka shauri lake kule. Na ukiona kipengele kwamba mkataba utakuwa halali "iwapo atafaulu vipimo vya afya" au "iwapo atapata kibali cha kazi", hicho FIFA hawakitambui. Vipimo vinafanyika kabla ya kusaini.

Halafu umri. Ukiwa na 23 klabu mpya bado inaweza kudaiwa fidia ya mafunzo na klabu unayotoka, kwa miaka iliyokufunza. Klabu ndogo za nje huogopa hilo dakika za mwisho, ofa inayeyuka. Mwulize wakala kama wamelijadili.

Mwisho, wakala ana leseni ya FIFA? Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti yao, tafuta jina lake kamili.

Mswahili_Muscat:
Niko huku, nacheza mpira wa mtaani tu na kuangalia ligi. Dini, lugha na chakula havitakusumbua; Muscat ukiongea Kiswahili sokoni utajibiwa. Joto ndilo litakusumbua, mazoezi ni usiku, na mechi nyingi za madaraja ya chini uwanjani kuna watu wachache mno. Mtu aliyezoea kelele za Ligi Kuu Bara anaweza kupoa bila kujijua.

Wenzako wengi kwenye timu watakuwa na ajira zao za mchana, jeshini au serikalini, mpira wanauchezea jioni. Kwa hiyo wakiumia wana mshahara mwingine. Wewe huna. Na ukaazi wako utategemea klabu hiyo hiyo.

Sita_Asilia:
Nashukuruni sana. Mkongwe, beki wa kati nimecheza mechi chache msimu uliopita tulipokuwa na majeruhi, kocha alinisifia.

Kanuni_Mkononi, mkataba nimeusoma upya. Kuna sehemu inasema utakuwa halali baada ya vipimo vya afya nikishafika. Wakala naye ameomba nitangulize pesa ya viza na tiketi, anasema klabu itanirudishia.

Kanuni_Mkononi:
Usitoe hata shilingi. Klabu inayoweza kukulipa mara tatu haishindwi tiketi. Tena omba barua ya ofa itoke kwa klabu yenyewe, yenye anwani yao rasmi, na uwatafute TFF wathibitishe na shirikisho la Oman kwamba klabu hiyo imewasiliana. Uhamisho wa kimataifa unapita kwenye mfumo wa FIFA, klabu kwa klabu, na hati ya uhamisho haitolewi kwa WhatsApp ya wakala.

Kile kipengele cha vipimo kiondolewe. Usikubali kusafiri ukiwa huna timu hapa wala mkataba kule.

Mama_Kipa:
Mwanangu, mimi mwanangu ni golikipa, najua haya. Hakuna aliyemaliza habari ya Fraga humu, wote mmeishia kwenye magoli. Mwanzoni mwa msimu wa 2020/21 si aliumia goti? Simba wakamleta Taddeo Lwanga wa Uganda akakaa pale pale, na msimu ule ule Simba wakamfunga Al Ahly ya Misri na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Fraga hakuwepo. Sisemi walikosea, timu lazima icheze. Nakuuliza wewe: goti likiondoka mwezi wa tatu kati ya hiyo miezi kumi, nani analipa upasuaji, nani analipa mshahara, na utauguzwa wapi? Limeandikwa hilo?

Na huyo mjomba usimdharau. Anaogopa kitu cha kweli ila anakitaja kwa jina la kutembea.

Msimbazi_Mkongwe:
Mama amenena. Na kwa sababu hiyo mimi nipo kinyume na wanaosema "nenda" na kinyume na wanaosema "baki". Fraga kila alipohama, ukimtoa kwenye vichwa vya habari, alikwenda mahali ambapo anacheza kila wiki na mtu fulani amemwona akicheza. India walimrudisha kwa sababu walishamwona India. Wewe miezi kumi ya Oman nani atakuona? Kama mechi zao hazirekodiwi, ukirudi wakala ataonyesha video gani?

Ukibaki hapa, dai mwaka mmoja badala ya miwili, ulipwe ile nusu kabla ya kusaini. Unacheza Ligi Kuu ambayo inaonyeshwa Azam kila wiki, na skauti wa nje wanaiangalia siku hizi. Fraga asingekataa jukwaa hilo akiwa na miaka 23.

Mswahili_Muscat:
Mkongwe, baadhi ya mechi za daraja la pili huku zinarushwa mtandaoni, si zote. Dogo nitumie jina la klabu kwa ujumbe wa faragha, nitapita hata mazoezini kwao niulize kama wachezaji wa kigeni wa msimu huu wamelipwa.

Sita_Asilia:
Nimekutumia mkuu.

Mrejesho mfupi. Nimemwambia wakala sitoi pesa, akanuna, baadaye akasema klabu "itaangalia". Nimempa mambo matatu: kipengele cha vipimo kiondoke, matibabu na mshahara wakati wa majeraha viandikwe, na barua itoke klabuni. Jina lake kwenye orodha ya FIFA bado sijaliona, nimemwomba namba ya leseni hajajibu tangu jana.

Kwa viongozi wetu nimeomba mwaka mmoja na ile nusu kwanza. Katibu alicheka, lakini hakukataa. Mjomba nimemsomea ujumbe wa Mama_Kipa, akasema huyo mama apewe namba yake ya simu.

Mama_Kipa:
Mwambie nina mume. 😄 Na huyo wakala asiye na namba ya leseni mpaka leo, mwanangu, jibu lake si umeshalipata?