F-1 na kazi ya uwanjani Lincoln siku za Huskers: nani anajua?

Kutoka: Mama Neema (Omaha)
Jumamosi, 25 Novemba 2023

Wapendwa, habari za Thanksgiving. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina jambo linaninyima usingizi. Mtoto wa marehemu dada yangu anasoma chuo kimoja hapa Omaha, kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, mwaka wa kwanza. Ana kazi ya maktaba hapo hapo chuoni, walimpa barua, namba ya hifadhi ya jamii (SSN) ikatoka, hakuna tatizo. Msimu huu wenzake wakamwambia kuna kampuni inauza vyakula Memorial Stadium kule Lincoln, uwanja wa Huskers, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska, na siku za mechi inatafuta watu. Akaenda. Wakampa I-9, fomu ya kuthibitisha ruhusa ya kazi, akaonyesha kadi ya SSN, ile yenye mstari unaosema haifai kwa kazi bila idhini ya DHS, idara ya usalama wa ndani. Wakaitazama, wakamrudishia, wakampa aproni.

Jana alikuwa kwenye mechi ya Iowa. Karudi usiku masikio yamekufa ganzi kwa baridi, ananuka haradali, ananiambia mwenzake mmoja ameonywa na DSO wake, yule ofisa wa chuo anayesimamia wanafunzi wa kigeni, kwamba kazi hiyo inaweza kumharibia SEVIS, rekodi yake ya uhamiaji. Wa kwetu DSO hajibu. Dirishani walimwambia ajaze fomu mtandaoni. Fomu yenyewe ina kisanduku cha kuchagua idara ya chuo unayofanyia kazi; uwanja wa Lincoln haumo, na usipochagua kitu haisogei mbele. Nimewaandikia barua pepe, limenijia jibu la mashine kwamba ofisi imefungwa kwa likizo.

Maswali yangu mawili. Hiyo kazi inahesabiwa kwenye zile saa 20 kwa wiki anazoruhusiwa au ni kosa moja kwa moja? Na akiacha leo, zile siku alizokwisha kufanya aziseme au anyamaze? W-2, karatasi ya mshahara kwa ajili ya kodi, itakuja tu Januari.

Mama Neema

---

Kutoka: Baba Zawadi (Lincoln)
Jumamosi, 25 Novemba

Jambo Mama Neema, pole na mawazo. Mimi nakwambia asiogope. Sisi Wakongomani wa Lincoln tumeuza hotidogi mule uwanjani toka tulipofika, sijaona mtu amefutwa kitu. Tena wiki hii iko likizo. F-1 wakati wa likizo anafanya saa anazotaka, ile 20 haihesabiwi. Mechi ya jana iko ndani ya likizo. Imekwisha.

Ila mwambie kijana kwamba jana haikuwa masikio tu, ilikuwa roho. Mimi nilikuwa upande wa kaskazini, juu kabisa. 10–10, mpira tunao sisi, dakika ya mwisho. Purdy, kwotabeki wetu, anatupa pasi, mtu wa Iowa anaidaka, sekunde zimebaki 15. Wanakimbia nayo mara moja. Halafu wanaleta mpigaji wa akiba, sababu yule wao wa siku zote tulikuwa tumemzuia mateke mawili. Wa akiba! Yadi 38, katikati, 13–10. Watu 80,000 na zaidi wakanyamaza kama kanisa kabla ya misa.

Na si hiyo moja. Tulikuwa 5–3, yaani ushindi mara tano na vipigo vitatu, tunatafuta ushindi mmoja tu tuende bowl, mechi ya baada ya msimu. Michigan State 20–17. Maryland 13–10. Wisconsin 24–17 kwenye muda wa nyongeza. Iowa 13–10. Mechi nne, jumla tumepungukiwa pointi 16! Bowl hatujaona toka 2016. Nitawaambia ugonjwa uko wapi: si mabeki, mabeki msimu huu wako vizuri sana. Ugonjwa ni kuachia mpira. Kwotabeki watatu tumejaribu, Sims, Haarberg, Purdy, na wote watatu wanampa adui mpira kama wanamkaribisha chai.

---

Kutoka: Achieng' (Kansas City)
Jumamosi, 25 Novemba

Baba Zawadi, kwa heshima zote, tafadhali usipotoshe watu. Wewe ulikuja kama mkimbizi. Mkimbizi ana ruhusa ya kufanya kazi popote tangu siku anayotua. F-1 ni kitu kingine kabisa.

Mama Neema, soma hii polepole. Saa 20, na kule kuongezewa saa wakati wa likizo, vyote ni vya kazi ya ndani ya chuo. Ndani ya chuo maana yake chuo kilichotoa I-20 YAKE, ile hati ya kumkubali chuoni. Uwanja wa Lincoln ni wa chuo kingine. Hata angekuwa anasoma Lincoln, kampuni ya nje inahesabiwa tu ikiwa inahudumia wanafunzi moja kwa moja, kama kafeteria au duka la vitabu. Kazi ya nje mwaka wa kwanza hapati; ile fomu ya I-765 ya kuomba kibali cha kazi kwa shida ya kiuchumi ni baada ya mwaka mmoja wa masomo, na lazima DSO aipendekeze. Kwa hiyo aache. Leo. Na aproni airudishe.

Hilo la pili, asiulize kwenye orodha yenye watu mia tatu. Atafute wakili wa uhamiaji kabla hajafungua mdomo kwa DSO. Fomu ya I-539 ya kurudishiwa hadhi, mtu aliyefanya kazi bila kibali hapewi hivi hivi.

Mnadhani ni mchezo? Mkumbukeni Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, aliyekuwa akicheza basketi Kentucky. Mwaka 2022 alikuwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima, wenzake wanachota pesa za NIL, yaani malipo ya kutumia jina na picha zao, yeye kwa sababu ya F-1 ilibidi matangazo yake ayafanyie Bahamas timu ilipokwenda huko Agosti, ili isiwe kazi ndani ya Marekani. Kama nyota mwenye mawakili alikwenda kupigwa picha ng'ambo, huyu wa hotidogi atajificha wapi?

---

Kutoka: Damu ya Msimbazi (Minneapolis)
Jumamosi, 25 Novemba

Shikamooni wote. Dada Achieng' kasema kweli kuhusu likizo, kuna jamaa hapa alichanganya hivyo hivyo, ingawa yeye alikuwa kwenye CPT, ile ruhusa ya kazi ya mafunzo, na ofisi ilikosea tarehe, sasa hiyo ni hadithi ndefu nyingine.

Baba Zawadi, pole, lakini maumivu bado hujayajua. Mimi nilikaa macho tarehe 5 mwezi huu kuangalia Simba na Yanga kwenye simu. Tano moja. TANO. Ofisini nina shabiki mmoja wa Yanga, mtu wa Tabora, kila asubuhi ananisalimia kwa kuninyooshea kiganja, hasemi neno. Angalau sisi kocha aliondoka siku mbili baadaye. Nyinyi mnawalea.

---

Kutoka: Baba Zawadi (Lincoln)
Jumamosi, 25 Novemba, usiku

Tunawalea? Kijana, kocha Frost tulimfukuza na tukamlipa ili aende! Scott Frost, mtoto wa nyumbani, kwotabeki wetu wa ubingwa wa 1997. Alitoka chuo cha UCF na 13–0, hajafungwa, tukampokea kama Masiya. Akamaliza na ushindi 16, vipigo 31. Mwaka 2021 alipoteza mechi 9, na zote tisa zilikuwa chini ya pointi 10. Chini ya 10 zote! 2022 akatupeleka Dublin, tukawa mbele ya Northwestern 28–17, yeye akaamuru ule mpira mfupi wa kushtukiza, wakaunyakua, tukafungwa 31–28. Halafu Georgia Southern wakaja hapa hapa nyumbani wakatupiga 45–42. Kesho yake, tarehe 11 Septemba, akaondoka na kama dola milioni 15. Wangengoja hadi Oktoba 1 ingeshuka kuwa 7.5. Hawakuweza kungoja wiki tatu!

Hizo milioni kwetu Uvira zingetengeneza barabara ngapi? Na tarehe 20 Desemba wanatuambia tupige kura, sisi wa ng'ambo nchi tano tu, Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Kanada na hapa. Nani kati yetu wa Lincoln amepata kadi? Mimi sijapata.

---

Kutoka: Mzee Salim (Columbus, Ohio)
Jumapili, 26 Novemba

Assalaam alaykum jamia.

Mwanangu Baba Zawadi, mambo ya kura za Kongo yana mahala pake. Ama kuhusu mpira, nakusahihisha kidogo, usinune. Wasema mabeki wazuri na kwotabeki wabovu. Mimi naona wagonjwa ni nyinyi mashabiki. Uwanja wenu haujabakisha tiketi tangu Novemba 1962. Hata zilipododa mwaka 2021, wafadhili walizinunua wakawapa watoto, ili tu hesabu isikatike. Sasa timu ikishindwa au ikishinda viti vimejaa, nani atashughulika? Kule Mombasa Bandari ikicheza upuuzi, watu wainuka wakenda zao kunywa kahawa, na wachezaji wawaona mgongo. Hilo ndilo somo.

Nyinyi mwaishi kwa Tom Osborne, kocha wenu wa zamani. Ushindi 255 kwa miaka 25, ubingwa wa 1994, 1995 na 1997, kisha mkampeleka na Bunge la Marekani. Haya, lakini watoto wanaocheza leo hawakuwa wamezaliwa.

Jioni hapa giza laingia saa kumi na moja na nusu. Mtu atoka kazini hana pa kwenda ila nyumbani. Mimi nilichokosa zaidi si hata chakula. Ni baraza ya pale nyumba ya jirani, redio moja, watu saba, kila mmoja mwalimu wa mpira, na muuza kahawa akipita na kashata.

---

Kutoka: Achieng' (Kansas City)
Jumapili, 26 Novemba

Mzee Salim, shikamoo. Naona hukusema habari ya jana mchana. Ohio State yenu na Michigan ilikuwaje? 30–24? Mara ya ngapi mfululizo mnafungwa vile?

---

Kutoka: Mzee Salim (Columbus, Ohio)
Jumapili, 26 Novemba

Marahaba. Ya tatu. Binti yangu, hayo si ya kuulizana kabla maiti haijazikwa.

---

Kutoka: Msimamizi
Jumapili, 26 Novemba

Ndugu zangu, naomba turudi kwenye mada. Mama Neema aliuliza swali la F-1. Kura za Kongo, Simba na Ohio State mfungue nyuzi zenu.

---

Kutoka: Baba Zawadi (Lincoln)
Jumapili, 26 Novemba

Msimamizi nitarudi kwenye mada, lakini Mzee amesema jambo, siwezi kuliacha.

Mzee, zile tiketi za wafadhili zilifika hadi kwa batoto bangu. Zawadi alikuwa na miaka tisa, Kiingereza bado kinamkwama, darasani hana rafiki. Akaenda uwanjani na shati jekundu la mtumba lililomfika magotini. Wakati ule bado waliachia mabaluni mekundu tukipata pointi za kwanza. 2022 wakaacha, heliamu imekuwa ya shida. Maelfu ya mabaluni, yote pamoja. Jumatatu akaenda shule ana kitu cha kusimulia na kila mtoto darasani anakijua. Sasa unaniambia niinuke nikanywe kahawa? Siku ya mechi ule uwanja una watu kuliko mji wowote wa Nebraska isipokuwa Omaha na Lincoln yenyewe. Sisi tuliokuja bila mji wetu, ule ndio mji.

Na wanaosema watu wa hapa wanajaza viti kwa mazoea tu, Agosti 30 walijaza kwa mechi ya voliboli ya wasichana, 92,003. Ile timu inashinda! Kwa hiyo ushindi wanaujua, na wanaupenda.

---

Kutoka: Damu ya Msimbazi (Minneapolis)
Jumapili, 26 Novemba

Baba Zawadi, hapo umeniweza. Lakini huyo kocha wenu mpya Rhule mnampa miaka minane na dola milioni 74, mwaka wa kwanza 5–7. Huku kwetu angekuwa ameshapanda ndege.

---

Kutoka: Mama Neema (Omaha)
Jumatatu, 27 Novemba

Asanteni wote, hasa Achieng'. Kijana ameacha, na msimu wenyewe umekwisha. Ofisi imefunguliwa leo, dirishani wamempa tena kiungo cha ile ile fomu yenye kisanduku. Nimeomba namba ya wakili kwa watu wa kanisani. Mmoja anataka dola 200 kusikiliza tu.

Swali langu la pili bado lipo. Kuna yeyote aliyepitia hili hasa, la kuwa mtu ameshafanya kazi, akalimaliza vipi? Niandikieni pembeni kama hamtaki hapa.

---

Kutoka: Achieng' (Kansas City)
Jumatatu, 27 Novemba

Mama Neema, 200 si ghali, nililipa zaidi kwa viza ya kazi ya H-1B na wakili alikuwa ananiita kwa jina la mtu mwingine. Muulize kwanza kama anashughulika na F-1 au ni wa kesi za kuomba hifadhi (asylum) tu. Na kodi asisahau, fomu zake yeye ni 1040-NR na 8843, asiende kujaza ile ya kawaida kwenye programu ya bure kama wanavyofanya wengi.

---

Kutoka: Baba Zawadi (Lincoln)
Jumatatu, 27 Novemba

Damu ya Msimbazi, haraka yako ndiyo ilikupa tano. Angalia historia ya Rhule. Temple mwaka wa kwanza 2–10, wa pili 6–6, wa tatu 10–4. Baylor mwaka wa kwanza 1–11, wa pili 7–6, wa tatu 11–3. Sisi ameanza na 5–7, yaani hajawahi kuanza vizuri hivi kokote alikopita chuoni. Atafute kwotabeki mmoja asiyeachia mpira, mwakani tuko kwenye bowl, na wewe utakuja kutoka Minneapolis kuniomba tiketi.

Mzee Salim, ukipita Nebraska nina sombe nyumbani na redio iko.