Hii ya "Waroma wananuka" imeanzia wapi?

Mtanga_Cluj: Habari zenu wakuu. Nipo Romania, Cluj-Napoca, nasoma. Juzi kwenye basi kapanda mama mmoja wa Kiroma (hawa wanaoitwa Majipsi) na sketi yake ndefu ya maua, dada wa mbele yangu akavuta skafu puani hata yule mama hajakaa. Mi nilikuwa jirani zaidi, nilichosikia ni sabuni ya kufulia tu. Mama mwenye nyumba wangu naye kila siku, usikae nao, wananuka. Hii kitu imetoka wapi?

Kipanga: Uko Cluj halafu unauliza? Nenda Pata Rât. Disemba 2010 manispaa iliwatoa Waroma kama 300 mtaa wa Coastei, mjini kabisa, ikawapeleka nje huko jirani na dampo, waliobahatika wakapewa chumba kimoja kimoja, familia nne bafu moja. Sasa ukilala na dampo nguo zikunukie nini, asumini? Mtoto akifika shule wenzake wanaziba pua, wanasema si unaona, ndo walivyo. Na dharau yenyewe ya zamani, hao walikuwa watumwa huko mpaka miaka ya 1850.

Bwege_Mtozeni: Tusidanganyane jamani, kuna wanaonuka kweli, nimewaona.

Kipanga: @Bwege na wazungu wa kwenye treni ya jioni mwezi wa saba je? Mbona hao hatusemi ni kabila lao? 2007 rais wa Romania wa wakati huo, Traian Băsescu, alimpokonya simu mwandishi wa habari aliyekuwa anamrekodi supamaketi, simu ikaendelea kurekodi, ikamnasa garini akimwambia mkewe kuhusu huyo "Jipsi anayenuka". Hapo pua haina kazi, ni tusi tu.

MamaZuu: Mi nilifanya usafi na dada mmoja Mroma huku Brno, Czech. Siku nimenawa mikono kwenye beseni la vyombo, loh, aliniangalia kama nimetemea mboga! Kwa wale wanaoshika mila hiyo ni marime, yaani najisi. Beseni la vyombo mbali, nguo za juu mbali, za chini mbali, na mbwa au paka asisogelee sahani. Kwao wachafu ni sisi.

Mtanga_Cluj: Kumbe! Na mama mwenye nyumba anaogeshea mbwa wake kwenye sinki la jikoni 😂