Mjadala: Je, kikaangio cha hewa kinastahili kununuliwa kwa mapishi ya nyumbani?

Wadau wa jikoni, naomba tulijadili hili kwa kina, maana kila likiguswa watu hugawanyika pande mbili na kila upande hubaki na lake. Wapo wanaosema kikaangio cha hewa kimewapunguzia mafuta, muda na moshi, na hawako tayari kurudi walikotoka. Wapo wanaosema ni mzigo wa kujaza meza, chakula kinatoka kikavu, na baada ya shamrashamra za mwanzo chombo kinapandishwa juu ya kabati na kusahaulika.

Nautaja msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Kina faida ya kweli kwa kaya ndogo isiyo na oveni yenye feni, na hasa kwa mtu ambaye tayari alikuwa anakaanga mara kwa mara. Nje ya hapo, hela hiyo itafutiwe kazi nyingine.

Tuanze na kinachotokea ndani ya chombo chenyewe. Juu kuna koili inayopata moto, na feni inayosukuma hewa hiyo ya moto kwa kasi kuzunguka chakula kilicho kwenye kikapu chenye matundu. Joto hufika nyuzi 200 hivi. Ni kazi ileile ya oveni ya feni, ila imebanwa kwenye chumba kidogo ili hewa ipite karibu na chakula na ipite haraka. Huo ndio ubunifu wa Mholanzi Fred van der Weij, ambao kampuni ya Philips iliuingiza sokoni mwaka 2010. Siubezi hata kidogo, ni wazo zuri. Lakini kwenye karai chakula huzungukwa na mafuta ya moto, na mafuta hupeleka joto kwenye chakula upesi kuliko hewa. Ndiyo maana ukisikiliza vizuri malalamiko, anayesema "kikavu" mara nyingi ni yule aliyetarajia matokeo ya karai, na anayesifu ni yule aliyekichukulia kama oveni ndogo tangu siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye afya, maana ndiyo sababu inayotajwa kuliko zote. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori zinazokaribia 120. Viazi vikikaangwa kwa kuzamishwa, maji yaliyomo hutoka kama mvuke na mafuta huchukua nafasi yake. Sehemu kubwa huingia pale vinapoanza kupoa baada ya kuopolewa. Kwenye kikaangio cha hewa, bakuli zima la viazi linatosheka na kijiko kimoja. Kwa mtu ambaye vyakula vya kukaanga haviondoki mezani kwake, hiyo ni tofauti kubwa na sitaki mtu aidharau.

Lakini tusidanganyane: tofauti hiyo ipo tu kama unalinganisha na karai. Aliyekuwa anachemsha viazi au kupika mboga kwa mvuke, kisha akanunua mashine hii na kuanza kukausha kila kitu mpaka kiwe kahawia, hajapunguza mafuta yoyote. Ameongeza. Na amejiletea jambo jingine ambalo wasifiaji wengi hawaligusi: akrilamaidi. Mwaka 2002 watafiti wa Uswidi walionyesha kwamba kemikali hii hujitengeneza yenyewe katika vyakula vya wanga vinapopikwa kwa joto linalozidi nyuzi 120 katika hali ya ukavu, iwe ni kukaanga, kuoka au kuchoma. Kuchemsha hakuileti kwa namna hiyo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, tangu 1994 limeiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni ya kuwabana watengenezaji wa vyakula waipunguze. Kikaangio cha hewa hakina kinga yoyote dhidi yake. Kinachosaidia ni namna ya kupika: viazi vilowekwe majini kabla, visihifadhiwe kwenye friji vikiwa vibichi kwa sababu baridi huongeza sukari ndani yake, na vitolewe vikiwa na rangi ya dhahabu badala ya kungojwa vikolee.

Kuna na hili la vyakula vya pakiti vilivyogandishwa. Nimeona watu wakijisifu kwamba "sitii hata tone la mafuta", na kilichomo kikapuni ni viazi au vipande vya kuku kutoka kwenye pakiti. Vingi vya aina hiyo vilishapitishwa kwenye mafuta kiwandani, na chumvi ikawekwa. Soma maandishi ya nyuma ya pakiti kabla hujajihesabia faida.

Hoja ninayoiona nzito kuliko ya kalori, na ambayo hutajwa kwa nadra, ni usalama. Sufuria ya mafuta yenye joto la nyuzi 180 iliyokaa juu ya jiko, mpini ukiwa umeelekea nje, na mtoto anapita chini yake, ni hatari ambayo tumeizoea mpaka hatuioni tena. Mafuta yakiachwa yapate moto kupita kiasi huwaka yenyewe, na mtu akitaharuki akamwagia maji, maji yanageuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta yanayowaka kila upande. Kikapu kilichofungiwa ndani ya kasha lake, chenye saa inayojizima, kinaondoa hatari hiyo. Kwa mzee anayeishi peke yake na mikono inayotetemeka, kwa mtu anayesahau jiko, kwa kijana anayejifunza kupika, mimi hapo sihitaji kushawishiwa. Hata kama chakula kingekuwa na kalori zilezile, bado ningesema kinunuliwe.

Na ukiacha moto, kuna mafuta yanayobaki. Nani humwaga mafuta baada ya kukaanga mara moja? Wengi huyahifadhi na kuyarudia mpaka yawe meusi na yenye harufu, na kila yanaporudiwa ndivyo yanavyozidi kuharibika. Chombo kisichobakisha mafuta kinaondoa kishawishi hicho moja kwa moja.

Upande wa umeme, hesabu ni rahisi. Mashine ya wati 1500 ikifanya kazi dakika 20 mfululizo inakula nusu uniti, na kwa kawaida ni pungufu ya hapo kwa sababu koili hujizima na kujiwasha ili kushikilia joto. Oveni kubwa ya wati 2000 au zaidi inataka kwanza dakika 10 hadi 15 za kupata moto, ndipo uanze kuhesabu muda wa kupika. Kwa hiyo kwa sahani moja au mbili, kikaangio kinashinda. Ila ukilazimika kukijaza mara tatu ili familia nzima ile, oveni iliyopika trei mbili kwa mkupuo mmoja inakaribia au inapita. Wanaosema kinaokoa umeme na wanaosema hakiokoi wote wana haki, ila hawapikii idadi ileile ya watu.

Hilo la ukubwa ndilo linalovunja mioyo ya wengi, kwa hiyo nalikalia kidogo. Muuzaji huandika lita 5, na mnunuzi huona lita 5 za chakula. Sivyo. Chakula kinatakiwa kiwe tabaka moja, au mawili membamba, ili hewa ipite kati. Chukua viazi: kata vipande vyenye unene unaolingana, loweka kwenye maji baridi nusu saa ili wanga wa juu utoke, chuja, kisha vikaushe kwa kitambaa kisafi mpaka ukivishika visiteleze. Hatua hiyo ya kukausha ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoamua kila kitu, kwa sababu maji ya juu yakibaki, mashine inatumia dakika zake za mwanzo kuyageuza mvuke badala ya kukausha ganda. Paka kijiko cha mafuta, tandaza, weka nyuzi 180, na katikati ya muda vuta kikapu utikise kwa nguvu. Vikiwa vimetandazwa, utasikia vinagongana kwa sauti kavu. Ukivijaza mpaka juu, sauti hiyo hutaisikia. Vinajipika kwa mvuke wake, vya katikati vinakuwa laini na vimepauka huku vya pembeni vikianza kuungua. Kwa watu wawili inatosha. Kwa watu saba, wa kwanza atakuwa amemaliza kula na wa mwisho anasubiri zamu yake.

Mashine hii inang'aa zaidi kwenye nyama yenye ngozi au mafuta yake yenyewe. Mapaja ya kuku kwa nyuzi 190, dakika 20 hadi 25 kulingana na ukubwa: mafuta ya ngozi yanayeyuka, yanapita kwenye matundu, yanatua kwenye droo ya chini, na ngozi inabaki imekauka na kukwaruza kama karatasi. Weka maji kidogo kwenye droo hiyo ili mafuta yanayodondoka yasitoe moshi. Ukiwa na kipimajoto, ndani kabisa pafike nyuzi 74. Usiamini rangi ya nje, kwa sababu feni hukausha nje kabla ndani hapajaiva. Kidari kisicho na ngozi, hicho ndicho kinachotoka kikavu kama hukukipaka kitu na hukuwahi kukitoa. Samaki wa minofu minene hukaa vizuri. Viporo vya kukaanga na mkate wa jana hufufuka kabisa, jambo ambalo maikrowevu haliwezi kwa sababu lenyewe hulainisha.

Vinavyokishinda ni vingi vilevile. Chochote kilichochovywa kwenye rojo la unga kitadondosha rojo lake matunduni kabla halijashika. Majani mepesi hupeperushwa na feni. Mchuzi, maharage, wali, uji, vyote hivyo havihusiki. Kama sehemu kubwa ya mapishi yako ni ya sufuria, nunua sufuria nzuri yenye kitako kizito na utaifurahia miaka mingi kuliko hiki.

Nimeona pia wanaotisha watu kuhusu ile rangi nyeusi isiyonata ya ndani ya kikapu. Nyingi ni PTFE, ile inayojulikana kama Teflon. Kuharibika kwake kwa joto huanza panapozidi nyuzi 260 hivi, na mashine hizi kwa kawaida huishia 200, kwa hiyo kwa matumizi ya kawaida sioni sababu ya hofu. Kinachoimaliza ni uma, kijiko cha chuma na sugulio la waya. Mafuta ya kopo la kupuliza nayo, mengi yana lesithini ambayo huungulia juu ya kikapu na kuacha utando unaonata usiotoka. Tumia brashi, mafuta ya kawaida, sifongo laini.

Na tafadhali, mambo mawili ya moto. Wati 1500 si kidogo: usikichomeke kwenye waya mwembamba wa kuongezea pamoja na birika la umeme, chomeka ukutani moja kwa moja. Na karatasi ya kuokea isiwekwe kikapuni ikiwa tupu wakati wa kupasha moto. Feni huinyanyua mpaka kwenye koili na inaweza kushika moto. Nyuma ya mashine acha nafasi, hewa ya moto inatokea huko.

Kwa anayesema oveni yake ya feni inatosha, namkubalia bila ubishi. Trei yenye wavu, chakula kisisongamane, na utapata karibu kilekile kwa dakika chache zaidi. Kwa anayesema kikaango na mafuta kidogo vinatosha, namkubalia nusu. Kwa yai na minofu ya samaki ni kweli, kwa mapaja ya kuku itabidi usimame hapo ukigeuza.

Sasa uwanja ni wenu. Nataka hasa kuwasikia wenye kaya za watu sita na kuendelea: mnakitumiaje bila kupika kwa zamu, au mliamua kuchukua kile chenye vikapu viwili? Na wewe uliyekigawa au kukiuza, ulikuwa unapika nini ndani yake kilipokushinda? Anayepinga hoja yangu ya usalama wa mafuta ya moto aanze nayo hiyo, kwa sababu ndiyo inayonizuia nisijiunge na wanaokikataa.