Ushauri: mashine ya kupumulia usiku inalegeza mapafu?

Mgeni_Malaba: Wakuu habari, niko Malaba upande huu wa Uganda. Mwaka jana walinipima usingizi wakasema pumzi inakatika mara 41 kwa saa, nikanunua ile CPAP ya kuvaa puani. Sasa wiki ya tatu sijaivaa, naona mapafu yanazoea kusukumiwa hewa, siku umeme ukipotea si ndo naenda?

Mama_Pendo: Pole baba. Mzee wangu alikuwa anakoroma mpaka mbuzi wanaamka, nikamkatia posho ya usiku, kilo zikashuka. Punguza tumbo.

Nesi_Tororo: Haikupumulii ile, unavuta mwenyewe. Hewa inashikilia koo tu lisijifunge. Kwenye kipimo cha kupuliza mapafu kwa kawaida yanabaki vilevile, ila usiku oksijeni haiporomoki. Na kama mapafu yana ugonjwa wa sigara ndo usiiache kabisa. Unavuta? Kazi gani?

Kijana_wa_Busia: Hiyo kitu ni ya daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliitangaza 1981, mota ya mwanzo ilikuwa ya kufyonzea vumbi 😂

Mgeni_Malaba: Sigara niliacha. Kazi ni usafiri.

Nesi_Tororo: Usafiri wa nini?

Mgeni_Malaba: Trela. Malaba Kampala, saa zingine nafika Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Na msinianze, miaka 19 barabarani, usingizi ukija natafuna mairungi (miraa) basi. Halafu mashine naiuza, kuna mtu keshanitumia nusu ya hela, siwezi kumgeuka.

Afande_Mstaafu: Kumbe tangazo la biashara! Stori ya kutunga hii. Wewe unalala barabarani, mashine ulikuwa unachomeka wapi, kwenye mti?

Mgeni_Malaba: Afande kwa heshima, betri za trela ni volti 24, nilifunga inverta nyuma ya kiti. Muulize tanboi, utingo wangu, kibarakoa kikivuja kilikuwa kinapiga mluzi ananipiga kofi la bega nikaze mkanda.

Kijana_wa_Busia: Mluzi huo hautungiki, namwamini. Bei gani mkuu? Nina shemeji anakoroma.

Nesi_Tororo: Acheni bei. Tangu uiache umeshasinzia kwenye usukani?

Mgeni_Malaba: Mara moja tu.

Nesi_Tororo: Wapi?

Mgeni_Malaba: Msitu wa Mabira, kabla ya Kampala. Nafumbua macho nakuta tanboi ndo kashika usukani, analia.

Mama_Pendo: Yesu wangu. Leo unapakia?

Mgeni_Malaba: Saa nne usiku.